Mwite Jirani Mtembee Pamoja

    Ikiwa uji uko jikoni, punguza moto kidogo, sogea karibu na redio, tuzungumze.

Leo tunazungumzia mazoezi ya mwili. Sitaki tu kukuambia ufanye mazoezi, kwa maana hilo umeshalisikia mara nyingi. Nataka kukueleza jinsi wewe mwenyewe unavyoweza kuwa mwalimu wa mazoezi, yaani kocha, wa wanawake wa ploti yako. Nataka pia tuzungumze jinsi ya kuwaalika wengine katika maisha yenye afya bila kuwaaibisha na bila kuwaumiza.

Najua kuna anayecheka sasa hivi. Mama mmoja wa Kawangware aliniambia hivi: "Sista, mimi natembea kwa miguu hadi Lavington kutafuta kibarua cha kufua. Nafua nguo za watu sita, napiga deki, halafu narudi kwa miguu. Jioni nateka maji. Wewe unaniambia mazoezi?"

Mama huyo ana haki, na nilimwambia hivyo. Kutembea haraka, kufua kwa mikono na kubeba mtungi wa lita 20 ni shughuli zinazofanya moyo upige kwa nguvu, na mwili unazihesabu. Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za shughuli za nguvu ya wastani kila wiki, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Nguvu ya wastani ni ile inayokufanya uheme kidogo: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Zamani tuliambiwa tuhesabu tu mwendo wa dakika 10 mfululizo au zaidi. Mwongozo wa 2020 uliondoa sharti hilo. Kila mwendo unahesabika. Kwa hivyo wewe unayetembea haraka nusu saa asubuhi na nusu saa jioni kwenda kibaruani, kwa siku tano, umekwisha kufikisha dakika 300.

Basi mazoezi ni ya nani? Kwanza ni ya jirani yako anayekaa. Mfikirie mama mboga aliye kwenye kistuli tangu alfajiri hadi usiku, fundi wa cherehani pale soko la Toi, dada wa saluni, dada wa M-Pesa, na shosho aliyeachiwa mtoto akae naye nyumbani. Pili, ni yako hata wewe unayefua. Kazi ya kuinama hutumia misuli ile ile kila siku na kuuacha mgongo ukiuma, na misuli mingine hubaki dhaifu. Tatu, presha haiangalii kama mtu ni mchapakazi au la.

Utafiti mkubwa uliofanywa nchini mwetu mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata siku moja. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 nao ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hadi 49, karibu 45 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Hao ni sisi, na dada zetu, na mama zetu.

Sasa nikuambie jinsi nilivyoanza kuwa kocha, maana nilianza vibaya.

Chuoni nilifundishwa kufunga vidonda, kudunga chanjo na kuzalisha. Sikufundishwa kuongoza mazoezi. Siku moja niliwaita akina mama wa mtaa mmoja wa Kibera tukutane Jumamosi asubuhi uwanjani. Walikuja 14. Nilisimama mbele yao na raba zangu mpya, nikawaambia matumbo yamezidi, nikawaambia chapati na mafuta vitawaua, kisha nikawarusha. Tuliruka kamba, tukaruka huku tukipanua miguu na mikono, tukakimbia mahali pamoja kwa dakika 40. Nilirudi nyumbani nikijisifu. Jumamosi iliyofuata walikuja watano. Ya tatu walikuja wawili.

Kati ya walioacha kuja kulikuwa na mama wa watoto wanne ambaye siku ya kwanza ndiye aliyefika mapema kuliko wote, akicheka na kuwavuta wengine. Nilikutana naye penye mfereji wa maji, akaniambia ana shughuli nyingi. Niliamini. Majuma machache baadaye alimleta mtoto wake kwenye chanjo. Alisubiri hadi wenzake wote walipotoka, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini: "Sista, nikiruka mkojo unatoka. Siku ile nilirudi nyumbani nimejifunga leso kiunoni watu wasione. Nilisema sirudi tena."

Sikuwa nimemuuliza lolote kabla ya kumrusha. Sikuuliza amezaa mara ngapi, wala mtoto wa mwisho ana miezi mingapi, wala kama aliwahi kuugua. Kwa aibu niliyokuwa nayo nikachukua mashine nikampima presha. Nilipata 170 kwa 100. Nikamwacha apumzike, nikapima tena, ikawa ile ile. Ndipo akakumbuka kwamba katika mimba ya mwisho presha ilipanda miguu ikavimba, na aliambiwa yataisha akishajifungua. Hakuna aliyempima tena tangu siku aliyotoka wodini. Nami nilikuwa nimemrusha juu na chini dakika 40.

Mama mpendwa, ikiwa uliwahi kupata presha wakati wa mimba, au kifafa cha mimba, tafadhali lisikilize jambo hili. Presha inaweza kushuka baada ya kujifungua, lakini hatari ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi katika miaka ya mbele hubaki karibu maradufu ukilinganisha na mama ambaye hakuipata. Hupaswi kuogopa. Unapaswa kupimwa kila mwaka, hata kama hujisikii kuumwa.

Mama yule alianza dawa za presha. Tulianza pia mazoezi ya misuli ya nyonga, ile inayoshika kibofu na mji wa mimba. Misuli hiyo hulegea kwa kubeba mimba na kuzaa. Wanawake wengi wanayo shida hii na kila mmoja anadhani ni yake peke yake. Haitokani na kurogwa wala uchafu, na kuna mazoezi ya kuisaidia. Nitayaeleza pole pole ili uweze kumfundisha mwenzako.

Kaa kwenye kiti au lala chali, upige magoti juu. Kaza misuli ile unayotumia kuzuia mkojo na kuzuia hewa isitoke nyuma. Usikaze matako wala mapaja, na usizuie pumzi. Shikilia ukihesabu hadi tano, kisha legeza ukihesabu hadi tano. Rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, hata ukiwa umekaa kwenye kibanda chako cha mboga, hakuna atakayejua. Usifanye zoezi hili wakati unakojoa. Nafuu haiji kwa wiki moja. Wengi huiona baada ya miezi mitatu hivi. Kama haiji, nenda hospitalini, kuna msaada zaidi.

Baada ya miezi hiyo mama yule alirudi uwanjani. Akikohoa sana bado mkojo humtoka kidogo, lakini anatembea nasi, na leo yeye ndiye anayebisha milango ya majirani. Akina mama humsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Kutoka kwake nilijifunza kwamba kocha mzuri si yule anayeruka juu kuliko wote. Ni yule anayeuliza kwanza.

Sasa wewe utaanzaje? Chukua kalamu ukiweza.

Kwanza, alika mtu mmoja. Usitafute umati. Mwambie jirani, "Kesho nitatembea dakika kumi, nisindikize." Usimwambie amenenepa. Mwanamke akiambiwa amenenepa mbele ya watu, hukaa nyumbani. Mwambie unahitaji mtu wa kutembea naye, kwa kuwa ni kweli unamhitaji.

Pili, pimeni kabla ya kuanza. Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye vifaa, ikiwa ni pamoja na mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Muulize mzee wa nyumba kumi mhudumu wa mtaa wenu ni nani. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, nenda ukapimwe tena siku nyingine kwenye kituo cha afya. Matembezi ya pole pole yanakubalika unapongoja. Ikiwa namba ya juu ni 180 au zaidi, au ya chini ni 110 au zaidi, hakuna mazoezi siku hiyo. Ni safari ya hospitali moja kwa moja.

Tatu, muulize kila anayejiunga maswali haya, mkiwa wawili peke yenu: Una ugonjwa wowote au unatumia dawa yoyote? Uko na mimba? Ulijifungua lini, na ulifanyiwa upasuaji? Ukikohoa au kuruka, mkojo unakutoka? Kuna mahali panapouma? Uliza kwa upole, na siri yake ibaki kwako. Siku utakayoisimulia penye mfereji, kikundi chako kimekufa.

Nne, anzeni na kidogo. Wiki ya kwanza tembeeni dakika 10, siku tatu. Wiki ya pili dakika 15, ya tatu 20, ya nne 25 hadi 30. Mkimaliza kutembea, ongezeni mazoezi ya misuli. Kaeni kwenye kistuli na kuinuka bila kushika mahali, mara 10. Simameni mbele ya ukuta, wekeni viganja, mkunje viwiko na kujisukuma, mara 10. Shikeni chupa mbili za maji za lita moja na kuzinyanyua hadi mabegani, mara 10. Hamna haja ya kununua kitu. Kamba ya kuruka ije baadaye, na iwe ya wale ambao miili yao imekubali.

Mama mjamzito asiye na tatizo anaweza kutembea na mwenzake, na mwongozo ule ule wa 2020 unampendekezea dakika 150 kwa wiki, akiongeza taratibu. Asilale chali muda mrefu mimba ikishakuwa kubwa, na asifanye lolote linaloweza kumwangusha. Aliyejifungua aanze na kutembea kidogo kidogo na zoezi la nyonga, na kliniki ya wiki sita aulize kama yuko tayari kuongeza. Kuruka na kukimbia kungoje wiki 12 hivi, na zaidi ikiwa alipasuliwa na bado anasikia maumivu. Mazoezi ya wastani hayaharibu maziwa ya mama. Nyonyesha kwanza kabla ya kutoka, matiti yasiwe mazito.

Tano, chagueni mahali na wakati. Nendeni mkiwa kikundi, kukiwa kumepambazuka. Walio Kibera wanaweza kutumia uwanja wa Kamukunji. Kwingineko ombeni ua wa kanisa, wa msikiti au wa shule siku ambazo hakuna masomo. Usiwatembeze watu juu ya reli hata kama ndiyo njia iliyo wazi, kwa sababu treni hupita hapo. Mvua ikinyesha na mitaro ikifurika, fanyeni ya ndani, ya kistuli na ukuta. Nendeni na watoto pia. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji kucheza na kutembea jumla ya dakika 180 kwa siku, na aliye na miaka mitano hadi 17 anahitaji dakika 60 za kukimbia na kucheza.

Sita, jua dalili za kusimama. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukata hata baada ya kupumzika, kichwa kuuma sana, au macho kuona giza: mtu akae chini na apelekwe hospitalini. Kwa mjamzito ongeza kutokwa damu, kutokwa maji, na tumbo kukaza mara kwa mara. Anayetumia dawa za kisukari awe amekula, na awe na kitu kitamu mfukoni, maana sukari inaweza kushuka akianza kutetemeka na kutokwa jasho la ghafla.

Saba, jua mpaka wako. Kocha wa ploti si daktari. Usimwambie mtu aache dawa ya presha kwa sababu ameanza kutembea. Usiuze vidonge wala majani ya kupunguza mwili, na usimwahidi mtu kwamba atapungua kilo kadhaa. Mwahidi kwamba utafika asubuhi. Na kama siku moja utataka kazi hii ikupe riziki, nenda kwanza ukajifunze mahali penye walimu, kisha ndipo utoze.

Kuhusu chakula nitasema machache. Usiwaambie watu waache ugali. Waambie nusu ya sahani iwe mboga: sukuma, terere, managu au kunde. Robo iwe maharagwe, ndengu, omena au yai, na robo iliyobaki iwe ugali au wali. Chumvi yote ya siku kwa mtu mmoja isizidi kijiko kimoja cha chai, na ukumbuke viungo vya paketi tayari vina chumvi. Soda nyingi za chupa ya mililita 300 zina sukari ya karibu vijiko 8 vya chai. Ukipunguza nusu kijiko cha sukari katika chai kila wiki, ulimi utazoea bila vita.

Labda unasema, "Mimi ni nani hata watu wanifuate?" Nikukumbushe habari ya muuguzi mwenzangu wa hapa Kibera, Tabitha Atieno Festo. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, asiye na kazi. Mwaka 2000 alipewa shilingi 2,000 na mgeni aliyekuwa akiishi Kibera, akazitumia kuuza mboga, na kwa faida yake mwaka 2001 akaanza kuwatibu watu katika nyumba yake ndogo. Akawa mmoja wa waanzilishi wa shirika la Carolina for Kibera, ambalo mwaka huo huo lilianza pia ligi ya kandanda ya vijana, na timu zikashiriki kusafisha mitaa. Tabitha alifariki mwaka 2004, na kliniki ikapewa jina lake. Hakungoja jengo wala mshahara.

Na ikiwa unasema umezeeka, kumbuka akina nyanya wa Korogocho, ng'ambo nyingine ya jiji letu. Waliunda kikundi cha Cucu Jikinge, wakajifunza kupiga ngumi na mateke ili wajikinge na wahalifu. Ikiwa mwili wa nyanya unaweza kujifunza hayo, wako unaweza kusimama kutoka kwenye kistuli mara 10.

Akina mama, muda wetu unakwisha. Nakuachia mambo mawili ya kufanya kabla ya juma lijalo. La kwanza, kapimwe presha na uandike namba zako mbili mahali utakapoziona. La pili, mchague jirani mmoja, hasa yule aliyeacha kutoka nje siku hizi, umwombe mtembee dakika 10. Akikataa, usimlaumu. Muulize kama kuna kinachomsumbua, kisha nyamaza umsikilize. Huenda anangoja mtu wa kumfungia mlango na kumwuliza kwa sauti ya chini.

  

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni nani katika ploti yenu anayekaa mahali pamoja siku nzima? Mtamwalikaje bila kumwaibisha?

2. Mara ya mwisho ulipimwa presha lini? Ulipata namba gani?

3. Ni mahali gani mtaani kwenu ambapo akina mama wanaweza kutembea salama, na saa ngapi?

4. Mwenzenu akiwaambia siri ya mwili wake, mtamwambia nini, na mtamwelekeza wapi?